Fisha Bodi

Huku Tukuyu mvua haiulizi mwezi.
Inashuka Rungwe asubuhi, inaondoka, inarudi mchana
kama iliyosahau mwavuli,
na kitu cha kwanza inachokilamba ni ule ubao wa pembeni,
mdomo wa paa, unaofunika vichwa vya kenchi.
Mafundi wanauita fisha bodi.
Mama, kila akilisikia jina hilo, huuliza:
"Inamfisha nani?"
Na fundi Gwamaka hujibu bila kucheka:
"Inajifisha yenyewe, mama."

Tulianza na kuchagua.
Dukani kwa Mbwilo, nyuma ya stendi,
plastiki nyeupe, nyepesi kama ubavu wa kuku aliyekwisha kuliwa.
Mama akaibinya kwa kidole gumba. Ikalia.
"Hii itapasuka na baridi ya Juni."
Alumini ilikuwa nzuri;
bei yake ilikuwa nzuri zaidi, kwa mwenye duka.
Tukabaki na bati la kukunja, geji ishirini na nane,
na rangi ikatuweka pale saa nzima.
Mimi nilitaka kijivu. Nimeishi Dodoma, nakijua kijivu.
Mama alitaka maruni.
"Rangi ya chai iliyokolea. Nisione vumbi, nisione kuvu,
nisione wewe ukinifundisha."

Gwamaka akapanda ngazi ya mlingoti.
Mimi chini, mshika ngazi,
kazi ya mtu aliyesoma.
Nilidhani ni kupachika bati juu ya ubao, riveti, tumemaliza.
Akachomeka bisibisi kwenye mbao:
ikazama hadi mpini.
"Nikifunika hii," alisema, "nitakuwa nimemvika maiti suti.
Bati si dawa. Kinachofichwa na unyevu wake
kinaoza kwa raha."

Basi tukabomoa.
Misumari ya zamani ilitoka ikigombana, mmoja mmoja.
Upande wa jikoni, pale panapovuja tangu sijaota meno,
tukakuta kipande cha futi moja,
si paini ya Mafinga kama wenzake,
bali ubavu wa sanduku la majani ya chai, herufi zimefifia.
Na mgongoni mwa ubao mrefu uliokipakana, penseli:
mwandiko wa baba, ule wa darasani, saba ina mkia.

18 + 17 = 34

Mwalimu wa hesabu!
Miaka ishirini na sita alimlaani mpasua mbao wa Mafinga
kwa kumpunja futi moja.
Amekufa hajamsamehe.

Mama aliupokea ule ubao, akausoma kama cheti.
Mabega yakaanza kutikisika.
Nikaachia ngazi nimkimbilie,
Gwamaka huko juu akapiga yowe,
kumbe mama anacheka.
Anacheka mpaka kitenge kinafunguka.
"Anyosisye! Anyosisye wewe!
Na watoto wa watu uliwachapa!"

Mbao mpya zilipakwa dawa pande zote,
hata mgongo ambao hakuna atakayeuona.
Kamba ikavutwa, pimamaji ikakubali.
Bati likakunjwa, na chini likaachiwa kimdomo cha nusu inchi
ili maji yadondokee mbali,
yasijipinde kurudi nyuma kunong'ona na mti.
Riveti hazikubanwa sana.
"Bati nalo hutanuka jua likiwaka," Gwamaka alieleza.
"Jua lipi?" mama akauliza.

Kikabaki kipande cha mwisho, upande wa jikoni.
Fundi amekwisha kukiinua.
"Subiri. Una penseli?"
"Iko sikioni."
"Andika hapo kwenye ubao: thelathini na tano."
Akaandika.
"Piga na mstari chini, mara mbili. Alikuwa anapenda hivyo."
Akapiga.

Kisha bati.
Kisha, hata ngazi hatujaishusha, mvua.